Ukuta Ambao Haukuwa Kwenye Ramani

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, mwezi wa Februari mwaka 2001, Sumayya alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani ambao hakuna aliyedhani angeufaulu. Alisimama mlangoni mwa ukumbi wa michezo wa mji, mikono nyuma, akitazama jua likiingia. Kwa miaka yote aliyoujua ukumbi huo, tangu alipokuwa akija kutazama ndondi na baba yake akiwa bado darasa la tatu, jua halikuwahi kufika ndani. Lilikuwa jengo la giza. Lilijengwa mwaka 1956, likafunguliwa kwa mbwembwe, kisha likaachwa lizeeke peke yake. Mabati yalivuja, vioo vilivunjika vikazibwa kwa makatoni, na pale mlangoni, mahali ambapo mgeni angetarajia kukaribishwa, palikuwa na ukuta mnene wenye kijilango cha mbao. Nyuma yake ilikuwa stoo ya nyavu zilizooza na mipira iliyoishiwa na pumzi zamani.

Sumayya ndiye aliyeutoa ukuta huo. Alikuwa msanifu majengo, miaka ishirini na tisa, binti wa Nurudin fundi cherehani wa karibu na msikiti, na kazi ya kuupa ukumbi sura mpya ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Kamati ilimkabidhi ramani za zamani zikiwa zimekunjwa na kuliwa na mende. Akazinyoosha mezani, akazisoma wiki mbili, akaona kwamba ukuta wa stoo haukuwemo. Basi akajiambia: jengo lilisimama bila ukuta huu, na ukuta ukaja baadaye, kwa hiyo ukuta haubebi kitu. Ilikuwa hesabu safi kabisa. Mtu yeyote aliyesoma angeifanya hivyo hivyo, na mtu yeyote aliyesoma angekosea.

Ukuta ukabomolewa siku ya Alhamisi. Juu ya mlango, pale ulipokuwa ukuta, lilikaa jukwaa la watazamaji, safu nane za zege zinazopandwa kwa ngazi moja nyembamba. Siku ya Ijumaa Sumayya aliandika barua kwa kamati kwamba jukwaa ni salama kwa matumizi, akaweka sahihi. Mwenyekiti, Bwana Henry Wathome, alitaka wananchi waje Jumamosi waone ramani mpya zikiwa zimebandikwa ubaoni, waone na kijumba cha kadibodi kinachoonyesha ukumbi utakavyokuwa, kisha watazame mechi ya netiboli kati ya wasichana wa mjini na wa Kathiani. Kufikia saa nne na nusu watu kama mia tatu walikuwa wamejaa juu. Nurudin alikuwa safu ya mbele, katikati kabisa, na kofia yake nyeupe, akimwonyesha kila aliyekaa karibu naye: yule pale chini ni binti yangu.

Hapo ndipo Mzee Mulwa alipoingia.

Mulwa alikuwa fundi wa ukumbi huo tangu ujana wake, na sasa akiwa na miaka sabini bado ndiye aliyeitwa mlango ukikwama au bati likipeperuka. Siku tisa hakuonekana. Alikuwa kwake Kathiani akivuna maharagwe na mkewe Mwelu. Aliingia na koti lake la kahawia na kofia yake ya siku zote, akapiga hatua tatu, akasimama kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

"Mwaitu," alimwambia Sumayya, yaani mama kwa Kikamba, bila salamu, naye hakuwa mtu wa kuacha salamu. "Stoo iko wapi?"

"Tumeitoa, mzee. Umeona mwanga ulivyo?"

"Nani aliwaambia mtoe?"

"Ramani ya zamani haina—"

"Najua ramani haina. Mimi ndiye nilijenga." Akamshika mkono juu ya kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamvuta mpaka chini ya jukwaa. Juu yao wasichana wa Kathiani walikuwa wakiimbiwa, na watu wakipiga miguu. "Sikiza vizuri. Mwaka wa sabini na nne hii bimu, hii boriti ya zege inabeba jukwaa, ilipasuka. Hapa, katikati. Nikamwambia mwenyekiti wa wakati ule. Akasema kuna wageni wakubwa wanakuja, hapana barua, hapana kusema kwa mtu. Akaniambia, Mulwa, fanya vile unajua. Nikajenga ukuta chini yake siku tatu, nikabana juu na mawe mpaka ikaacha kushuka. Nikatia mlango ndio ifanane stoo. Watu wakauliza, nikasema ni stoo. Baadaye hata mimi nikaanza kuita stoo."

Sumayya alisikia maneno yote, na kila neno lilimwingia kivyake. Alichokikumbuka kwanza ni sauti ya kibarua mmoja siku ya Alhamisi. "Madam, hii laini ya mwisho ya mawe imekataa kutoka. Imebanwa sana." Naye, aliyesoma miaka sita chuo kikuu, akajibu waongeze nyundo. Ukuta usiobeba kitu haubanwi. Mtoto wa fundi angejua hivyo. Akaegemea nguzo, kisha akaiacha nguzo haraka, kana kwamba hata mkono wake ungeweza kuiongezea mzigo.

Wakatazama juu. Plasta mpya ya Ijumaa, iliyopakwa mbiombio ili kuficha kovu la ukuta, ilikuwa na mstari. Mstari mwembamba kama unywele, ukipanda kutoka chini ya bimu kuelekea miguu ya watu.

"Labda ni plasta tu inakauka," alisema Sumayya. Alitamani sana iwe hivyo.

"Labda," alisema Mulwa. "Tuweke shahidi."

Shahidi, kwa mafundi wa umri wake, ni kitu dhaifu kinachogandishwa juu ya ufa. Ufa ukitulia, kitu kinabaki kizima. Ufa ukitembea, kinavunjika. Sumayya alichukua kipande cha karatasi ya ramani na gundi iliyobakia ya kubandikia michoro. Mulwa akapanda juu ya benchi, akakibandika kipande hicho kikiwa kimenyooshwa barabara, akapuliza gundi ikauke. Wakasimama kukitazama, msomi na fundi, kama watu wanaosubiri maziwa yachemke.

Msichana wa mjini akafunga bao. Jukwaa zima likasimama, likaruka, likaketi. Vumbi kidogo likashuka. Karatasi ikachanika katikati, taratibu, bila sauti yoyote.

Sumayya hakumbuki jinsi alivyofika mezani kwa Henry Wathome. Mwenyekiti alikuwa ameketi kando ya uwanja na wageni wake, kijumba cha kadibodi mbele yao, akieleza mahali patakapokuwa na vyumba vya kubadilishia nguo. Sumayya akainama na kumnong'oneza. Alisema yote kwa pumzi moja: ukuta, bimu, karatasi.

Henry hakuacha kutabasamu, kwa sababu wageni walikuwa wanamtazama. "Madam," alinong'ona, "barua yako iko kwa faili yangu. Umeandika ni salama. Umeweka sahihi. Sasa niwaambie hawa watu nini? Ati injinia wetu aliota vibaya?"

"Nimekosea, Bwana mwenyekiti."

"Mechi inaisha saa sita. Hayo mengine ni ya Jumatatu."

"Na wakifunga bao lingine?"

"Na ukipiga nduru watu mia tatu wakimbilie ngazi moja, nani atawaua? Bimu ama wewe?"

Hapo alikuwa amesema kweli, mwanamume huyo, na ndiyo iliyomtisha Sumayya kuliko yote. Akaitazama ngazi. Upana wake watu wawili, nao wabanane. Aliijua kwa sentimita, maana alikuwa ameichora upya mara nne. Akawaona wanawake wenye watoto mgongoni, wazee wa safu ya juu, baba yake na kofia yake. Neno moja tu la hofu likitamkwa kwa kipaza sauti, wote wangeinuka kwa pamoja, na uzito wote ungekimbilia upande mmoja.

Sasa tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe aliusema baadaye. Haikuwa ngazi tu iliyomfunga mdomo. Kipaza sauti kilikuwa mezani, hatua mbili kutoka alipokuwa. Angeweza kukichukua na kusema kwa upole kwamba yeye amekosea na watu washuke polepole. Lakini alifikiria baba yake akisikia. Alifikiria wale wa kamati waliosema tangu mwanzo kwamba kazi hii apewe mwanamume. Alitafuta njia ambayo watu wangeshuka na hakuna ambaye angejua kwa nini. Katika saa ile ya kifo alikuwa bado analipigania jina lake, na aibu hiyo ilimkaa kwa miaka mingi.

Alirudi kwa Mulwa. Mzee alikuwa amebandika karatasi ya pili.

"Amekataa," alisema Sumayya. "Mzee, tutawashusha vipi?"

"Watu wetu wanajua kutembea polepole siku mbili," alisema Mulwa. "Siku ya kupeleka sadaka mbele, na siku ya kumpa mtu pole. Mstari kwa mstari, hakuna kusukumana. Sadaka hawatatoa, leo si Jumapili."

"Pole ya nani?"

Mulwa alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni. "Nani watoke kwanza?"

"Safu ya mbele," alisema Sumayya. Hilo angalau alilijua. "Ndio wako juu ya bimu. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Na wasibaki humu ndani. Watoke nje kabisa."

Mzee akatembea hadi mezani, akachukua kipaza sauti mbele ya Henry Wathome kama kitu chake. Refa aliyekuwa akipuliza filimbi akanyamaza. Kila mtu alimjua Mulwa, na kila mtu aliona kwamba hakuwa na kofia.

"Ndugu zangu," alisema, kwanza kwa Kikamba kisha kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa inavunjika yenyewe, wala hakuhitaji kuigiza. "Nimekuja na habari mbaya. Mwelu wangu ametuacha leo asubuhi."

Ukumbi ukafa ganzi. Mwelu alikuwa amewapikia uji watoto wa ukumbi huo kwa miaka ishirini na zaidi. Nusu ya waliokaa juu walikuwa wamekua kwa kikombe chake.

"Ninaomba mnipe mkono," aliendelea. "Nitasimama pale chini, mlangoni. Mshuke kama kanisani, safu ya mbele kwanza, halafu inayofuata. Nyingine zikae mpaka ziitwe. Mtu asikimbie, asipige kelele. Mnajua Mwelu hakupenda kelele. Mkishanipa mkono mtoke nje uwanjani, tuombe pamoja huko."

Sumayya aliganda. Aliwahi kusikia, kwa majirani na kwa wanafunzi wenzake, jinsi ilivyo mwiko kumtangaza mtu hai kuwa amekufa. Ni jambo ambalo hata mlevi halitanii. Mulwa alilisema la mkewe wa miaka arobaini na sita, mbele ya mji mzima, naye Mwelu yuko Kathiani anapukuchua maharagwe. Na Sumayya, ambaye kosa lilikuwa lake, alisimama pembeni amefunga mdomo.

Safu ya mbele ikainuka. Hakuna aliyesukuma. Walishuka wamekunja mikono mbele, vichwa chini, hatua kwa hatua. Mulwa alikuwa amesimama chini ya bimu kabisa, katikati yake, akipokea mikono. Sumayya akasimama kando yake na kuwaelekeza. "Nje, tafadhali. Nje uwanjani."

"Sogea ukae huko nje na wewe," Mulwa alimnong'oneza.

"Na wewe je?"

"Sisi mafundi tuko na desturi. Siku ya kutoa mbao chini ya zege, yule alimwaga ndiye anasimama chini. Ikishuka, imshukie yeye. Hii nilimwaga mimi, hamsini na sita." Akampa mkono mwanamke aliyekuwa akilia, akasema asante, akageuka tena. "Sogea, mwaitu."

Hakusogea. Si kwa ushujaa. Miguu yake yote miwili ilitaka kukimbia, na aliibana chini kwa nguvu hadi nyayo zikamwuma. Baba yake akapita. Nurudin alimshika Mulwa mikono yote miwili, akasema maneno ya kumrudisha marehemu kwa Mungu, kisha akamgeukia bintiye. "Kaa karibu na mzee, usimwache," alimwambia, akatoka nje akijifuta macho. Alikuwa salama sasa. Sumayya alishukuru, kisha akaona haya kwa kushukuru kabla ya safu saba kushuka.

Safu ya pili. Ya tatu. Dakika zilikwenda kwa kujivuta. Kila mguu uliokanyaga juu aliusikia mgongoni mwake. Vumbi jeupe lilikuwa linashuka kidogo kidogo juu ya kichwa kisicho na kofia cha Mulwa, naye hakulipangusa, asije akawafanya watu watazame juu. Safu ya nne. Ya tano, na hapo karatasi ya pili ikachanika. Sumayya aliiona kwa pembe ya jicho. Mulwa naye aliiona, na mkono aliokuwa ameushika akaubana kidogo zaidi, kisha akauachia.

Katika safu ya sita alikuwemo Katunge, rafiki wa Mwelu tangu usichana. Alifika katikati ya ngazi akalia kwa sauti, "Aiya! Mwelu! Jana tumeongea naye!" akaketi pale pale kwenye ngazi. Waliokuwa nyuma yake wakasimama. Waliokuwa juu wakaanza kuinuka kuona kuna nini. Sumayya aliona watu wakisongamana ukingoni mwa jukwaa, mstari wa ufa ukawa mweusi, na akajua kwamba sasa ndiyo sasa. Mulwa akapanda ngazi mbili, akamwinua Katunge kwa makwapa kama mtu anavyomwinua mtoto, akamshusha akimwambia maneno ya Kikamba sikioni. Sumayya hakuyasikia. Waliokuwa juu wakaketi tena.

Safu ya saba. Ya nane ilikuwa ya wazee, nao walichukua muda wa kuzeeka tena. Mzee wa mwisho alipotoka mlangoni akiburura fimbo yake, Sumayya na Mulwa walitazamana. Hapakuwa na mtu juu. Jukwaa lilikuwa tupu.

Wakatoka nje kwenye jua.

Mtu angedhani hofu imeisha. Haikuisha. Uwanjani watu walikuwa wameshashikana mikono na wanawake wanaimba. Pikapu iliyojaa vijana na wanawake wawili wenye sufuria ilikuwa inatoka langoni kuelekea Kathiani, kwenda kusaidia msiba. Sumayya aliiona ikiondoka. Angeweza kuisimamisha kwa kuinua mkono. Mulwa alimtazama yeye, si pikapu. Alikuwa amemaliza lake.

Wakaomba. Baada ya amina, Henry Wathome akapanda juu ya kreti, uso umejaa majonzi ya kikazi. "Wananchi, tumempa mzee wetu pole. Nafikiri mama Mwelu, vile alipenda hawa watoto, angetaka tumalize mechi. Turudi ndani kwa heshima yake."

Na watu wakaanza kurudi. Hawakuwa na sababu ya kukataa. Wa kwanza walikuwa wameshafika mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi, ndipo Sumayya alipokimbia akawapita na kusimama mbele yao, chini ya bimu, mikono imetanda.

"Mama Mwelu hajafa," alisema.

Hawakuelewa. Akasema tena kwa sauti kubwa, na safari hii uwanja mzima ukasikia. "Mama Mwelu yuko hai. Mzee Mulwa amesema vile ili mshuke. Hili jukwaa limepasuka. Lilikuwa limeshikwa na ukuta wa stoo, na mimi ndiye niliyeutoa ukuta. Mimi. Nikaandika barua kwamba ni salama. Nilijua tangu saa tano kasorobo, nikaogopa kusema."

Kisha zikaja sauti, na hazikumjia yeye, zilimwendea Mulwa. Umemuua mke wako kwa mdomo? Mtu mzima? Katunge alimsogelea mzee akamtazama kwa chuki ambayo Sumayya hakuwahi kuiona katika uso wa mwanamke mwema. Nurudin alikuwa amesimama nyuma ya wengine, kofia mkononi, hatazami popote.

Henry akacheka kidogo. "Madam amechoka. Kazi imekuwa nyingi. Jukwaa limesimama miaka arobaini na tano na liko pale, mnaliona. Mzee, bila shaka, tutaongea naye. Pandeni."

"Bwana mwenyekiti," alisema Sumayya, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mafundi wana desturi. Anayesema zege iko sawa husimama chini yake. Njoo usimame hapa nilipo. Ukae mpaka mechi iishe, na watu wote wakiwa juu. Ukikubali, mimi sitasema neno tena."

Mlio wa watu ukapungua. Henry aliweka mikono mfukoni, akaja akitabasamu. Aliingia kivulini mwa jukwaa. Akainua macho, akaona karatasi mbili zilizochanika, na mstari mweusi, na kichwa cha Sumayya kilichojaa vumbi jeupe kama cha msagaji unga. Kipande cha plasta kisichozidi ukucha kikaanguka begani mwake.

Akarudi nyuma hatua moja. Moja tu, wala hakukimbia. Lakini mji mzima uliiona, na baada ya hapo hakuna mtazamaji aliyeukanyaga mlango ule.

Jukwaa halikuanguka. Hilo ndilo watu hupenda kusema hadi leo, kwamba halikuanguka. Magogo ya mikaratusi yaliletwa kutoka Kyumbi kwa lori, na kabla ya jua kutua yalikuwa yameshapigiliwa chini ya bimu. Mwezi uliofuata jukwaa zima likabomolewa. Lakini siku ile ile, kabla ya magogo kufika, Sumayya alisimama saa nzima akilitazama likiwa tupu, na kuna dakika aliyojikuta akimwomba Mungu lianguke, lianguke sasa hivi watu waone. Asubuhi yote alikuwa ameomba kinyume. Alipogundua anachokiomba aliogopa nafsi yake kuliko alivyoogopa zege.

Saa tisa alimwambia Mulwa, "Twende Kathiani."

"Nitaenda mwenyewe. Ni mke wangu."

"Twende," alisema Sumayya.

Walikwenda kwa gari la kamati, na dereva hakuwasemesha njia nzima. Pale walipolazimika kushuka, ambapo njia inapanda kilima kati ya mahindi makavu, waliweza kusikia vilio. Turubai lilikuwa limeshafungwa nusu. Wanawake walikuwa wamewasha moto na kuinjika sufuria kubwa, na vijana waliokuja kuchimba kaburi walikuwa wamesimama na majembe bila kujua wayaweke wapi, maana marehemu alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya ua, beseni la maharagwe mapajani, na wajukuu wawili wamemng'ang'ania shingoni wakilia. Mwelu alikuwa mwanamke mdogo wa mwili. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya maharagwe. Alimwona mumewe akija bila kofia, na hakuinuka.

Mulwa alisimama mbele yake. Mtu aliyewaambia watu mia tatu kwa kipaza sauti hakuweza kumwambia huyu mmoja.

Sumayya akapiga magoti vumbini. "Mama, jina langu ni Sumayya. Mimi ndiye niliyebomoa ukuta." Akamweleza yote, tangu ramani hadi mzee wa mwisho mwenye fimbo. Sufuria ilikuwa inachemka bila mtu wa kuitazama.

Mwelu alimsikiliza hadi mwisho. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, vumbi jeupe bado limemjaa nywele. Kisha akamgeukia Sumayya.

"Na wakati huyu alikuwa ananiua," aliuliza polepole, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kando yake, mama."

"Ulisema nini?"

Sumayya alitazama chini. "Sikusema kitu."

Mwelu aliwaondoa wajukuu shingoni, mmoja mmoja, akawaketisha miguuni pake. Akawatazama wanawake wa sufuria na vijana wenye majembe, akawaita kwa mkono wasogee karibu.

"Haya," alimwambia Sumayya. "Sema tena. Wasikie."